Wino Mwekundu Hausikiki

Nilikuwa mwalimu kwa miaka 38, na kati ya hiyo 17 nilikuwa mwalimu mkuu. Katika muda huo nimemaliza kalamu nyekundu nyingi kuliko jozi za viatu. Wino mwekundu ndio uliokuwa muhuri wetu. Chuoni tulifundishwa kuutumia kama mganga anavyofundishwa kupima dawa: pata hapa, kosa pale, mstari chini ya neno lililokosewa, duara kuzunguka sentensi iliyopinda, na maelezo mafupi pembeni mwa daftari. Mwalimu aliyerudisha daftari bila alama alionekana mvivu. Yote hayo yalikuwa mema wala siyajutii. Ninachojutia ni kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mwanafunzi asiyeona angeujuaje wekundu ule.

Siwalaumu wakufunzi wangu. Wakati ule watoto wasioona walikuwa na shule zao: Buigiri kule Dodoma, Irente Lushoto, Furaha Tabora, na hapa kwetu Buhangija, Shinyanga. Sisi wengine tuliwaona siku za sherehe wakiimba, tukapiga makofi, tukarudi kwenye madaftari yetu. Lakini leo vijana hao wamo katika sekondari za kawaida, wamo vyuoni, wamo vyuo vikuu, na baadhi yao ni walimu wenzetu. Kisingizio kile kimekufa. Wanaoendelea kukitumia ndio ninaotaka kugombana nao katika kurasa hizi.

Nitaeleza kisa kimoja, maana bila kisa hasira yangu itaonekana kuwa ya uzee tu.

Kuna binti mmoja, mwalimu wa Kiswahili na Historia, aliyezaliwa katika machimbo ya dhahabu ya Geita. Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo. Leo Nyarugusu, kesho Mgusu, kokote waliposikia kwamba kuna dhahabu imeonekana. Surua ilimpofusha akiwa na miaka 3. Alisoma kwa Braille mpaka kidato cha sita, akapata stashahada ya ualimu, akafundisha miaka 5, kisha akajiunga na chuo kikuu kimoja, ambacho sitakitaja, kutafuta shahada. Masomo ya darasani aliyapita vizuri. Kilichomkwamisha ni ripoti ya utafiti.

Ripoti hiyo aliiandika mwenyewe kwenye kompyuta yake ya mkononi, akimpelekea msimamizi sura moja moja kwa barua pepe. Sura ya kwanza ilikaa wiki 3, kisha majibu yakaja kwa simu: picha 11. Msimamizi aliichapisha sura ile kwenye karatasi, akaijaza wino mwekundu, akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akamtumia. Sasa, wasioona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha kompyuta au cha simu. Kisoma skrini cha binti huyu kilipofika kwenye picha zile kilitamka neno moja tu: picha. Picha, picha, picha, mara 11. Zipo programu zinazojaribu kusoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, na kwa chapa safi hufanya vizuri. Kwa mwandiko wa haraka wa pembezoni, uliopigwa picha karatasi ikiwa imejikunja, hutokwa jasho. Na hata zikifaulu kuyasoma maneno, nani atamwambia msomaji mshale ule mwekundu ulikuwa unaelekea neno lipi?

Alilalamika kwa adabu. Safari ya pili msimamizi akafanya alichokiona kuwa ni hisani: alirudisha faili lenyewe, ila penye makosa amepapaka rangi ya njano. Rangi haina sauti. Kisoma skrini kinaweza kuamriwa kitaje rangi, ni kweli, lakini njano hata ikitajwa haisemi kama kosa ni la tahajia, la hoja au la takwimu.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifanya nicheke na kukasirika kwa pamoja. Msimamizi aliyaandika masahihisho yake ndani ya sentensi za binti, kwa herufi nyekundu. Mwenye macho angetambua mara moja kipi ni cha nani. Yeye alisikia sauti ikimsomea hivi, kwa mfululizo mmoja: utafiti huu ulifanyika katika shule sita mbona jedwali lina saba za wilaya ya Geita. Kwanza alidhani kompyuta imeharibika. Kisha akadhani ni yeye aliyeandika upuuzi ule usiku kwa usingizi, akaanza kuufuta. Na hivyo akayafuta kwa mkono wake masahihisho aliyokuwa akiyangoja.

Tarehe ya mwisho ikapita. Jina lake halikuwamo katika orodha ya wahitimu wa mwaka ule, na ada ya mwaka wa ziada aliilipa kutoka kwenye mshahara wa mwalimu, ambao sote tunaujua. Mjomba wake ni jirani yangu, naye ndiye aliyemleta kwangu akiamini kwamba mwalimu mkuu mstaafu anaweza kumpigia mkubwa fulani simu mambo yakanyooka. Uwezo huo sina. Nilidhani basi kwamba nitamsaidia kwa kumsomea zile picha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. Nilipoitikia marahaba na kumweleza nia yangu, alitulia kidogo. "Ahsante sana, Mwalimu. Lakini sikuja unisomee. Wa kunisomea ninao nyumbani. Nimekuja ujifunze kunisahihisha."

Nakiri kwamba niliudhika. Miaka 38 ya kusahihisha, halafu naambiwa nijifunze! Lakini alikuwa na haki, na ili msomaji aone haki hiyo lazima nirudi nyuma kidogo.

Nukta sita za Braille, zilizobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, ziliwafungulia wasioona mlango wa kusoma na kuandika. Mashine ya Perkins, ile ya chuma yenye vitufe vichache, iliyoanza kuundwa kwa wingi huko Marekani mwaka 1951, ndiyo iliyowasomesha wengi wa wasomi wetu wasioona. Siidharau hata kidogo. Lakini Braille ilikuwa na ukuta wake: mwalimu wa kawaida haisomi. Mbele ya karatasi yenye nukta, mimi mwenye macho ndiye niliyekuwa kipofu. Basi ikabidi awepo mtu wa tatu, mwalimu wa elimu maalumu, aandike kwa kalamu juu ya nukta ili mimi nisome, kisha masahihisho yangu ayasome kwa sauti au ayageuze kuwa nukta ili mwanafunzi ayapate. Kazi ya mtu huyo ni ya heshima, na mitihani yetu ya taifa haiwezi kwenda bila yeye. Hata hivyo, kati ya mwanafunzi na mwalimu wake daima alisimama mtu. Ukurasa wa mwanafunzi haukuwa ukurasa wangu.

Kompyuta imeuvunja ukuta huo. Kwa mara ya kwanza mimi naandika na yeye anasoma, yeye anaandika nami nasoma, faili lilelile moja, bila mkalimani. Na mahali ambapo tunakutana hasa ni pale panapoitwa maoni. Programu za kuandikia, ile ya Word na hata ile ya bure ya LibreOffice, zina nafasi ya kubandika maneno ya pembeni juu ya neno au sentensi yoyote bila kuigusa sentensi yenyewe. Ndiyo pembe ya daftari tuliyoizoea, isipokuwa pembe hii ina sauti.

Binti alinionyesha namna anavyoifanyia kazi, na mpaka leo sijaona mkono mwepesi kama ule. Kipanya hakigusi, kazi yote ni kibodi. Kisoma skrini chake kinaitwa NVDA. Anateremka mstari kwa mstari, na panapokuwa na maoni sauti humwambia. Anashika Insert na Alt pamoja, anabonyeza C, naye anasomewa maoni yale. Akitaka kuyapata yote kwa pamoja anabonyeza Insert na F7, inakuja orodha, anachagua anayotaka na kurukia moja kwa moja mahali pake. Akitaka kuandika ya kwake anachagua maneno husika, anabonyeza Ctrl, Alt na M, anaandika. (Katika matoleo mapya ya Word ukishaandika lazima ubonyeze Ctrl na Enter ili maoni yatumwe, mimi nilipoteza jioni nzima kwa kutolijua hilo.) Aliyageukia maoni 14 niliyomwekea kwa majaribio na kuyamaliza kabla sijamaliza chai.

Mimi mwenye macho sikuhitaji kujua hata nusu ya hayo. Kazi yangu ilikuwa kuchagua neno kwa kipanya, kubofya mahali pa kuweka maoni, na kuandika. Nilijifunza kwa mchana mmoja, nikiwa na miaka zaidi ya 70 na vidole vya mtu aliyelima mpunga. Basi nauliza: mhadhiri mwenye shahada tatu anashindwaje?

Nimekwishajibiwa mara nyingi, na majibu yote nayajua.

Wa kwanza husema kwamba wasioona ni wachache, mtu hawezi kubadili utaratibu wake kwa ajili ya mmoja. Huyu hajui hesabu za darasani. Mwanafunzi mmoja aliyekosa masahihisho amekosa yote, si sehemu. Tena si wasioona kabisa peke yao. Huku Kanda ya Ziwa tunao vijana wengi wenye ualbino, waliohifadhiwa Buhangija na kwingineko baada ya ile miaka ya aibu ya mauaji, na aghalabu macho yao yana uoni hafifu. Mwandiko mdogo wa kalamu nyekundu kwao ni kama nyayo za sisimizi. Maoni ya kwenye kompyuta huyakuza wanavyotaka.

Wa pili husema vifaa ni ghali. Hapo zamani alikuwa na hoja. JAWS, kisoma skrini kilichotokana na kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho katika ajali ya gari, kilianza mwaka 1989 na mpaka leo huuzwa kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu haubebi. Lakini NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, kwa nia hasa kwamba asiyeona asilipe ili asome anachokisoma mwenzake bure. Haina bei. Hata Kiswahili inaweza kukitamka, kwa sauti kavu kama ya debe, lakini inaeleweka. Na tena, msimamizi mwenyewe hahitaji kununua chochote! Sehemu ya maoni imo tayari katika programu anayoitumia kila siku.

Wa tatu, ambaye ndiye simpendi kabisa, husema: atafute mtu wa kumsomea. Husema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa sadaka. Huyu hajawahi kufikiri maana yake. Maana yake ni kwamba mwalimu mzima, anayesimama mbele ya wanafunzi 60, amwite mtoto wa dada yake amsomee kwamba hoja yake ni dhaifu na sentensi zake ni mbovu. Masahihisho ni siri kati ya mwalimu na mwanafunzi. Ndiyo maana sisi tulirudisha madaftari yakiwa yamefungwa.

Sitaki mtu adhani kwamba kutumia maoni peke yake kunatosha. Nimeona maoni mabaya kuliko wino. Msimamizi huchagua ukurasa mzima, anaweka maoni yenye alama moja ya kuuliza. Au anaandika "rekebisha hapa". Hapa wapi? Mwenye macho huona kivuli kilipoanzia na kilipoishia. Anayesikiliza hupata "hapa" isiyo na mahali. Au anaandika "tazama juu". Kwa anayesikia hakuna juu, kuna kabla na baada. Yatakiwa kuchagua neno lenyewe au sentensi yenyewe, kulitaja kosa kwa jina lake, na kusema kinachotakiwa. Nilipolazimika kuandika hivyo niligundua jambo la aibu: kwamba nusu ya mistari yangu myekundu ya miaka 38 haikuwa na maana yoyote. Nilipiga mstari kwa sababu sentensi haikunipendeza, bila kujua kwa nini. Mstari huvumilia uvivu huo. Maoni hayauvumilii.

Siku moja nilijifunga kitenge machoni nikajaribu kusahihisha kwa kusikiliza tu. Sikufika mbali, nilipotea katika aya ya pili nikafuta jedwali. Mke wangu alinikuta hivyo, akaniuliza kama nimeanza kucheza kibemasa na wajukuu. Simwambii kila mhadhiri afanye hivyo. Namwambia afungue faili lake kabla ya kulituma na ajiulize, kwa kila alama aliyoiweka, inasema nini kwa maneno.

Kuna mtu mwingine aliyenifundisha, naye si wa shule. Katika machimbo yetu baruti iliyochelewa kulipuka imewaondolea watu macho. Huyu ilimwondolea ya kwake akiwa na miaka karibu 40, akiwa katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Wenzake walikuwa karibu kumpa pole na kumpa nafasi mtu mwingine. Akajifunza kompyuta kwa kusikiliza, na leo ni katibu bado. Kikundi kilipoandika upya katiba yake ili kishughulikie mambo ya leseni, rasimu ilipita kwa wajumbe 5, kila mmoja akaweka maoni, naye akayakusanya, akayajibu moja moja, akaandika ya mwisho. Nilimuuliza kama haoni taabu. "Mzee wangu," alinijibu, "ninyi mnasoma kwa macho, mnaruka. Mimi siwezi kuruka. Wameniletea vifungu viwili vinavyopingana, na wote watano hawakuviona." Kikundi cha wachimbaji wa dhahabu, wengi wao wa darasa la saba, wameweza. Idara ya chuo kikuu imeshindwa.

Wala sheria haikunyamaza. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba ule unaitaja teknolojia ya habari na mawasiliano kwa jina, na unaitaja elimu kwa kifungu kizima. Sijui ni lini tutaacha kuziona sheria hizi kama mambo ya semina na posho. Haki yenyewe inapofika chini, mezani pa msimamizi, inakuwa kitu kidogo sana: kubofya mahali pamoja badala ya pengine.

Ninachodai ni saa 2. Katika kila chuo cha ualimu, cheti hadi shahada, kipindi cha kusahihisha kazi kiwe na saa 2 za kusahihisha kwenye kompyuta kwa maoni yanayosomeka kwa sauti, na mkufunzi asiyeweza naye akae dawati la mbele. Vyuo vikuu visipokee ripoti ya msimamizi anayerudisha picha kwa mwanafunzi asiyeona. Vimhesabie kwamba hakusahihisha. Mwanafunzi akichelewa kwa sababu hiyo, mwaka wa ziada ulipiwe na idara. Hili la mwisho najua litachekwa. Ada ya binti yule haikuchekwa na mtu.

Tulimaliza ripoti yake kwa miezi 4, mimi nikisoma kabla haijaenda kwa msimamizi mpya aliyepangiwa, mama mmoja aliyekubali kuweka maoni baada ya kuonyeshwa mara moja. Katika sura ya nne nilimwandikia binti kwamba takwimu zake za utoro hazilingani na maelezo. Alinijibu chini ya maoni yangu: "Zinalingana, Mwalimu. Umesoma safu ya wavulana." Nilirudi kutazama. Nilikuwa nimesoma safu ya wavulana.

Alihitimu. Barua yangu kwa mkuu wa idara ile, kurasa 2, niliipeleka kwa mkono na nikatia sahihi katika daftari la mapokezi. Sasa ni miezi 7, haijajibiwa. Wiki iliyopita binti alinipigia simu akaniambia kwamba yuko kijana mwingine katika idara hiyohiyo, mwenyeji wa Kahama, mwenye ualbino, anayeandika sura ya pili. Ametumiwa picha 9.